Jinsi ya kuchambua namba kubwa kwa kalamu na karatasi: mfano wa 1,234,567,890

Ukipewa namba yenye tarakimu kumi na kuulizwa ina vigawo vingapi, jumla yake ni ngapi, na inaangukia aina gani za namba, kazi yote inategemea jambo moja: kuivunja hadi vigawo tasa. Ukishavipata, yanayobaki ni kuzidisha na kujumlisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuvunja, na aina za namba zinafuata baadaye.

Tumechagua 1,234,567,890 kwa sababu kila mtu anaweza kuiandika bila kuchungulia popote, na kwa sababu inaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Sehemu ya kwanza inavunjika kwa dakika mbili. Sehemu ya pili ukiiendea vibaya itakula siku nzima.

Tayarisha karatasi, kalamu, orodha ya namba tasa hadi 100, na kikokotoo. Angalia kioo cha kikokotoo chako kinaonyesha tarakimu ngapi. Vile vya bei ndogo vya dukani huishia tarakimu 8, na namba yetu haiingii. Si kikwazo kikubwa, maana baada ya hatua ya pili namba ya kuvunja itabaki na tarakimu nane.

Hatua ya 1: Itazame kabla ya kuigawanya

Tenga tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 1 | 234 | 567 | 890. Makundi haya yatatumika tena na tena, kwa hiyo yaandike juu ya ukurasa.

Tarakimu ya mwisho ni 0, basi 2 na 5 ni vigawo. Usiishie hapo, uliza kila kimoja kinaingia mara ngapi. Tarakimu mbili za mwisho ni 90, na 90 haigawanyiki kwa 4 wala kwa 25. Kwa hiyo 2 inaingia mara moja tu, na 5 mara moja tu.

Jumla ya tarakimu zote ni 45, inayogawanyika kwa 9. Je, 27 nayo? Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba jumla ya tarakimu inatosha kupima hata 27. Haitoshi. Kwa 27 jumlisha makundi ya tarakimu tatu: 1 + 234 + 567 + 890 = 1,692, kisha 1 + 692 = 693. Ukigawanya 693 kwa 27 unapata 25 na baki 18, kwa hiyo 27 hapana. 3 inaingia mara mbili kamili. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu 999 ni 27 × 37, na kwa sababu hiyohiyo 693 inakupimia 37 bure: 37 × 18 = 666, baki 27. Basi 37 nayo hapana.

Sasa 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja, maana zao lao ni 1,001. Anza na kundi la kulia, toa linalofuata, ongeza linalofuata, hivyo hivyo:

890 − 567 + 234 − 1 = 556

Ukigawanya 556 kwa 7 baki ni 3, kwa 11 baki ni 6, kwa 13 baki ni 10. Hakuna hata moja inayoingia. Ukianzia kushoto, kwa namba yenye makundi manne utapata −556 badala ya 556. Jibu la "inagawanyika au haigawanyiki" halibadilika, lakini baki linageuka, na baki hilo tutalihitaji kwa uhakiki. Anzia kulia kila mara.

Hatua ya 2: Ondoa kilichokwisha kupatikana

2 × 9 × 5 = 90. Futa sifuri ya mwisho, kisha gawanya 123,456,789 kwa 9. Jibu ni 13,717,421.

Hakiki papo hapo. Kipimo cha 1,001 kwa 13,717,421 ni 421 − 717 + 13 = −283. Zidisha kwa 90 upate −25,470; makundi yake ni 470 − 25 = 445, kwa alama ya hasi −445; ongeza 1,001 upate 556. Ndiyo 556 ya hatua ya kwanza, kwa hiyo mgawanyo uko sawa. Andika −283 pembeni, itarudi.

Onyo moja kuhusu uhakiki. Shuleni wengi tulifundishwa kuhakiki kwa tisa, yaani kulinganisha jumla za tarakimu. Kwa namba hii njia hiyo haikusaidii kabisa. Mtu akiikopi kama 1,234,568,790, akabadilishana 7 na 8, jumla bado ni 45. Kipimo cha 11 ndicho kinachonasa tarakimu jirani zilizobadilishana nafasi: namba sahihi inatoa baki 6, iliyokosewa inatoa baki 4.

Hatua ya 3: Vunja 13,717,421

Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703 na sehemu. Kwa kanuni ya kawaida ungegawanya kwa kila namba tasa kuanzia 17 mpaka ufike huko. Namba tasa ya 500 ni 3,571, kwa hiyo unatazama kazi ya majaribio mia tano hivi. Inawezekana, lakini mkono utachoka, na mkono uliochoka hukosea.

Jaribu kwanza namba tasa ndogo, tuseme hadi 100. Hakuna itakayoingia; 17 kwa mfano inaacha baki 2. Ukitaka kuvuka kidogo, 101 ina kipimo chake: kwenye namba kamili chukua tarakimu mbili mbili, 90 − 78 + 56 − 34 + 12 = 46. Haigawanyiki.

Kisha badili mbinu. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake, aliieleza njia hii karne ya 17: kila namba witiri iliyo zao la vigawo viwili inaweza kuandikwa kama tofauti ya miraba miwili. Ukipata a² − b² = N, basi vigawo ni a − b na a + b. Unaanza na namba ya kwanza iliyo juu ya kipeuo cha pili, unaitafutia mraba, unatoa N, unaangalia kama kilichobaki ni mraba.

Namba ya kwanza ni 3,704:
3,704² = 13,719,616
13,719,616 − 13,717,421 = 2,195

Je, 2,195 ni mraba? Usikimbilie kikokotoo. Mraba wowote unaoishia na 5 huishia na 25. Huu unaishia na 95, basi si mraba.

Inayofuata ni 3,705. Huna haja ya kutafuta mraba wake upya. Ongeza 2 × 3,704 + 1 = 7,409 juu ya tofauti ya kwanza:
2,195 + 7,409 = 9,604

Na 9,604 ni 98². Tumemaliza kwa majaribio mawili:
3,705 − 98 = 3,607
3,705 + 98 = 3,803

Njia hii imekimbia namna hii kwa sababu vigawo viwili vimekaribiana. Kama 13,717,421 ingekuwa na kigawo kidogo kama 17 na kingine kikubwa cha laki nane hivi, ungehitaji kupandisha a mara karibu 400,000. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu: namba tasa ndogo hadi 100, kisha majaribio ishirini hivi ya Fermat, na ikishindikana rudi kwenye kugawanya kwa namba tasa, ukianzia pale ulipoishia. Wanaotengeneza funguo za siri za RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, wanalijua hili vizuri. Wakichagua namba tasa mbili zilizokaribiana mno, ufunguo wao unavunjika kwa mbinu hii hii hata ukiwa na tarakimu mamia.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuanza njia ya Fermat kwenye 1,234,567,890 yenyewe, kabla ya kuondoa 2. Hutamaliza kamwe. Miraba ikigawanywa kwa 4 huacha baki 0 au 1 tu, kwa hiyo tofauti ya miraba miwili haiwezi kuacha baki 2. Namba yetu inaacha baki 2. Utaendelea kupandisha a mpaka karatasi iishe na jibu halipo.

Hatua ya 4: Thibitisha kwamba vipande ni tasa

Usidhani. 3,607 inahitaji kupimwa kwa namba tasa hadi 59, maana 61² ni 3,721 na imeshapita. 3,803 inahitaji kufika 61. Lakini 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 37 tumeshazipima: isiyoingia kwenye 13,717,421 haiwezi kuingia kwenye kigawo chake. Zilizobaki ulizijaribu hatua ya 3, lakini tunazihakiki tena hapa moja kwa moja.

Mabaki ya 3,607: kwa 17 ni 3, kwa 19 ni 16, kwa 23 ni 19, kwa 29 ni 11, kwa 31 ni 11, kwa 41 ni 40, kwa 43 ni 38, kwa 47 ni 35, kwa 53 ni 3, kwa 59 ni 8.

Mabaki ya 3,803, kwa mpangilio uleule: 12, 3, 8, 4, 21, 31, 19, 43, 40, 27, na kwa 61 ni 21.

Hakuna sifuri popote, basi zote mbili ni tasa. Matokeo:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Uhakiki wa mwisho ni ile −283. Kipimo cha 1,001 kwa 3,607 ni 607 − 3 = 604, na kwa 3,803 ni 803 − 3 = 800. Zao ni 483,200, na 200 − 483 = −283. Imekubali.

Hatua ya 5: Hesabu tatu zinazotoka kwenye vigawo tasa

Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha zote. Vipeo ni 1, 2, 1, 1, 1. Kwa hiyo 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Ukitaka kuviandika vyote, anza na vigawo 12 vya 90, ambavyo ni 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45 na 90. Kisha vizidishe kwa 3,607, kwa 3,803, na kwa 13,717,421. Seti nne za kumi na mbili. Angalia pengo lililopo: baada ya 90 kigawo kinachofuata ni 3,607. Pengo hilo litaamua jambo hapa chini.

Jumla ya vigawo vyote: kwa namba tasa iliyoingia mara moja ongeza 1; kwa 3² andika 1 + 3 + 9 = 13. Wengi huandika 4 × 4 = 16 wakidhani kila 3 inajitegemea, na jibu lote linaharibika. Sahihi ni

3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804 = 234 × 13,724,832 = 3,211,610,688

Idadi ya namba, kuanzia 1 hadi 1,234,567,890, zisizo na kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1: hii ndiyo hesabu ya Euler, mwanahisabati wa Uswisi. Kwa namba tasa iliyoingia mara moja toa 1. Kwa 9 andika 6, si 4.

1 × 6 × 4 × 3,606 × 3,802 = 24 × 13,710,012 = 329,040,288

Ukiandika programu ya hesabu hizi, tahadhari na ukubwa wa nafasi. Namba yetu inaingia kwenye nafasi ya biti 32 yenye alama, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Jumla ya vigawo vyake haiingii. Ukitumia aina ya int katika Java, 3,211,610,688 itatoka kama −1,083,356,608, bila onyo lolote. Jumla ya vigawo yenye alama ya hasi ni dalili ya kutosha. Badilisha uweke long. Lahajedwali kama Excel nalo hushika tarakimu 15 tu, kwa hiyo mraba wa namba hii, wenye tarakimu 19, utaonyeshwa na sifuri mwishoni ambazo si za kweli.

Hatua ya 6: Ipange kwenye aina zake

Anza na upangaji wa zamani sana. Nicomachus wa Gerasa, mji ulio katika Jordan ya leo, aliandika karibu mwaka 100 kwamba namba ni pungufu, timilifu au ya ziada, kutegemea jumla ya vigawo vyake bila yenyewe. Toa: 3,211,610,688 − 1,234,567,890 = 1,977,042,798. Ni kubwa kuliko namba yenyewe, basi ni namba ya ziada. Kwa kweli hukuhitaji kuzidisha kokote. Jumla ya vigawo vya 90 ni 234, na 234 ÷ 90 = 2.6, zaidi ya 2. Zikiongezwa namba tasa nyingine uwiano hupanda tu. Hapa unafika 2.6014, maana vigawo tasa vikubwa huongeza kiasi kidogo mno. Njia fupi zaidi: kila kizidisho cha 6 kilicho kikubwa kuliko 6 ni namba ya ziada.

Kwa kuwa inagawanyika kwa 6, inaweza pia kujengwa kwa baadhi ya vigawo vyake: nusu, theluthi na sudusi. 617,283,945 + 411,522,630 + 205,761,315 inarudisha 1,234,567,890 kamili.

Lakini haiwezi kujenga kila namba iliyo chini yake kwa kujumlisha vigawo tofauti. Pengo tuliloliona ndilo sababu. Vigawo vyote hadi 90 vikijumlishwa vinafika 234, na kinachofuata ni 3,607. Huwezi kupata 235, wala chochote hadi 3,606.

Mraba? Hapana, na jibu liko mwishoni mwake: mraba unaoishia na sifuri huwa na sifuri kwa jozi, na hapa ipo moja. Isiyo na kigawo cha mraba? Hapana, ina 9.

Namba ya pembetatu, yaani jumla ya aina ya 1 + 2 + 3 na kuendelea? Zidisha kwa 8, ongeza 1, uone kama ni mraba. Unapata 9,876,543,121, namba inayopendeza macho. Ipo kati ya 99,380² = 9,876,384,400 na 99,381² = 9,876,583,161. Si mraba, kwa hiyo si ya pembetatu. Tarakimu ya mwisho 1 haikukataza chochote, ndiyo maana ilibidi kukokotoa.

Jumla ya miraba miwili? Tazama namba tasa zinazoacha baki 3 zikigawanywa kwa 4. Kila moja lazima iwe na kipeo shufwa. 3 iko salama, kipeo chake ni 2. Lakini 3,607 na 3,803 zote zinaacha baki 3 na kila moja imeingia mara moja, basi haiwezekani. Miraba mitatu inawezekana: kinachokatazwa ni namba ambayo, baada ya kuondolewa 4 zote, inaacha baki 7 kwa 8. Yetu haina 4 ndani yake na baki lake kwa 8 ni 2.

Inagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake, 45, na jibu ni 27,434,842. Namba za namna hii ziliitwa Harshad na D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa India. Na ina tarakimu zote kumi, kila moja mara moja. Namba za tarakimu kumi za aina hiyo ziko 3,265,920, maana 0 haiwezi kuanza: 9 × 9!. Zote zina jumla ya tarakimu 45, zote zinagawanyika kwa 9, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta iliyo tasa kati yao.

Kwa mfumo wa bainari, wa 0 na 1 tu, inachukua biti 31, kumi na mbili kati yake zikiwa 1. Kwa mfumo wa kumi na sita ni 499602D2. Kompyuta zinazohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 zilifika kwenye namba hii tarehe 13 Februari 2009, saa 23:31:30 kwa saa za Greenwich. Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa tayari tarehe 14, saa nane na dakika 31 usiku. Unaweza kuhakiki kwa kugawanya: sekunde 86,400 za siku zinaingia mara 14,288, baki 84,690, ambazo ni saa 23, dakika 31 na sekunde 30.

Kuthibitisha kwa mashine

Kwenye kompyuta yenye Linux andika `factor 1234567890`. Itajibu `1234567890: 2 3 3 5 3607 3803` kabla hujanyanyua kidole. Itumie mwisho, baada ya kazi ya mkono, la sivyo hutajua ni hatua ipi ulikosea.

Kisha jaribu jirani yake, 1,234,567,891. Hiyo ni namba tasa. Hakuna cha kuondoa kwenye hatua ya 2, na njia ya Fermat haitakupa chochote hadi a ifike 617,283,946, ambako vigawo vinavyotoka ni 1 na namba yenyewe. Kwa kalamu inabaki kugawanya kwa namba tasa zote hadi 35,136, na ziko zaidi ya 3,700. Hiyo iachie mashine.